Video ya Sebuleni

Mwalimu alirudi nyumbani mchana kweupe, mkononi kashika kikombe chake cha chai na kandambili alizozoea kuzificha chini ya meza ya ofisi ya walimu. Mama yake aliviangalia vitu hivyo, akaelewa.

"Wamekufukuza?"

"Wamenifukuza, mama."

Kisa kilikuwa video. Mwalimu kajaza mto tumboni, kashika mwiko kama fimbo, anamwigiza mkuu wa shule: anavyotembea, anavyokohoa kabla ya kugomba. Ilichukuliwa hapa hapa sebuleni, wiki ile baba alipozikwa, nyumba imejaa ndugu. Sasa haikuwepo simu ya mzazi ambayo haikuwa nayo.

Na mwalimu alikuwa mwangalifu kuliko wote. Ukurasa wake aliufunga, sura yake hakuiweka, jina la shule hakulitaja. Wenzake walikuwa wakimtania kwamba anaishi mtandaoni kama mtoro wa jela.

Asubuhi hiyo mkuu wa shule alimgeuzia simu, aone mwenyewe ilikotoka. Ukurasa ule haukuwa na sura ya mtu wala jina halisi.

"Mtaje aliyeirusha," alisema, na kwa mara ya kwanza hakukohoa. "Kama ni mtu aliyefanya bila idhini yako, kamati itakusikiliza."

Mwalimu alikitazama kioo cha simu. Kisha akasema hamjui.

Sasa mama alikuwa hakaliki, anazunguka sebule kama kuku anayetaka kutaga.

"Ni shangazi yako! Nilimwona siku ile na simu yake, anajichekesha. Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu. Leo atanitambua!"

"Mwache, mama."

"Nimwache? Baba yako kavuja jasho mpaka ukaitwa mwalimu, leo mtu akuvunjie heshima kwa kidole kimoja? Mkono uliorusha video ile, Mungu na aukau..."

Mwalimu alimdaka mikono yote miwili, akaibana kifuani mwake.

"Usilaani, mama. Nakuomba. Usilaani."

Mama alishangaa. Tangu msiba, hakuwa amemwona binti yake akilia hivyo. Hata makaburini alikuwa amejikaza.

"Basi, basi. Lakini lazima aambiwe."

"Nitamwambia mimi. Nipe simu yako, yangu haina salio."

Mama akampa, akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akaenda jikoni kuchemsha maji ya chai. Kutoka huko sauti yake ilisikika bado ikimsomea shangazi mashtaka.

Mwalimu hakutafuta namba ya shangazi. Aliufungua ukurasa wa mama yake, akayasoma tena maneno yaliyokaa juu ya video: "Dada zangu, tangu mume wangu aondoke, leo ndiyo nimecheka. Mungu amtunze mwanangu."

Akaifuta.