Mashine Inayochoka Bure

Skrini iligeuka buluu kwa mara ya nne asubuhi hiyo. René akaachia tusi dogo la Kilingala, kisha akakumbuka kwamba mama mkwe wake ameketi nyuma yake.

Maman Colette alijifanya hakusikia. Alikuwa amefika alfajiri bila kutoa taarifa, akitoka Isangi kwa mashua ya baleinière na kikapu chake cha kwanga, mikate ya muhogo, na samaki wa moshi. Aliposukuma mlango, mkwe wake aliruka kama mwizi, akakimbilia nyuma ya meza ya kompyuta, akarudi akifunga shati, vifungo vyote vimepishana. Tangu hapo hakuwa amemtazama usoni. Hilo la macho lilikuwa heshima, na Maman Colette alilipokea. La mashine ndilo lililomkaa kooni.

Chumbani, Aurélie alikuwa amelala chali, mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, wamefungwa pamoja kwa kitambaa cha pagne. Mtoto aliyezaliwa wa miezi saba, siku tisa duniani, kilo moja na nusu. Muuguzi alikuwa amesisitiza neno moja tu: joto. Akipoa, amekwenda.

Maman Colette hakuhitaji kufundishwa hilo na muuguzi. Miaka thelathini iliyopita, usiku wa mvua, alimshika wa kwake, wa siku mbili, mpaka akapoa mikononi. Alilia mwaka mzima. Tangu hapo watu wa nyumbani kwake walijifunza kumficha habari mbaya mpaka ziwe nzuri.

"Bwana yako iko na ugonjwa gani?" alimuuliza binti yake.

"Mama, umuache na masini yake. Dimanche muuguzi atakuja kupima kilo. Dimanche tutaongea."

"Tutaongea nini hiyo Jumapili?"

Aurélie alifumba macho. Maman Colette akarudi sebuleni kumlinda adui.

"Bokilo, mukwe wangu, ile masini inafanya kazi gani?"

"Haiko na kazi, mama. Inachoka tu."

Inachoka tu! Mwanamume mzima, fundi wa kompyuta anayejulikana mtaa mzima wa Makiso, amefunga duka lake siku tisa ili akae nyumbani kuichosha mashine. Alikuwa ameilazimisha prosesa, ubongo wa mashine, iende mbio kuliko walivyopanga walioitengeneza, ikipiga hesabu ambazo hakuna aliyeziomba. Kwa mwendo huo ilidai volti zaidi. Akiipa chache, skrini inakuwa buluu. Akizidisha, inajizima yenyewe. Alichotafuta kilikuwa katikati ya hapo, na daftari lake lilijaa tarakimu: 1.28, imekufa dakika ya sita, 1.31, imekufa dakika ya arobaini. Sasa aliandika 1.33, akawasha, akaanza kuuma kucha.

Kila robo saa aliingiza mkono katika katoni kubwa ya maziwa iliyobanwa nyuma ya mashine, pale feni ilipotoa hewa ya moto, akatoa kipimajoto, akasoma kwa sauti ndogo.

"Makumi tatu na tatu. Haiyafika."

Ya Musa Maman Colette alikuwa ameshayaona. Haya sasa yalikuwa ya Firauni. Mashine inapimwa homa! Na kitenge kipya alichomtumia mjukuu wake, kwa pesa yake mwenyewe, kilikuwa kimefunika katoni ile. Alikiona tangu alipoingia, na kila alipokitazama hasira ilimpanda upya.

"Nimezunguka marché yote, maduka yote, mama," René alisema ghafla, bila kugeuka. "Ampoule za zamani haziko tena. Kuko tu hizi za mupya. Haziunguzi hata kidole."

Ilikuwa saa tatu asubuhi, jua limejaa dirishani. Taa ya nini? Maman Colette alimwonea huruma binti yake, aliyeolewa na mtu wa namna hii.

Saa tano mvua ikashuka. Mvua ya Kisangani haibishi hodi: bati lilinguruma, upepo ukapita chini ya mlango, na nyumba ikapoa mara moja. Maman Colette akakimbilia chumbani, akapenyeza kidole ndani ya pagne, akagusa unyayo wa mtoto. Baridi. Akauona ule usiku wa zamani mbele yake.

Maji ya moto. Ayatie ndani ya chupa, aifunge kwa kitambaa, aiweke pembeni ya mtoto. Makaa yalikuwa uani, yameloa. Ilibaki sufuria ya umeme, na ukutani kulikuwa na soketi moja tu.

"Bokilo, toa masini. Nichemushe maji, mutoto anasikia baridi."

"Mama, nakuomba. Isizime sasa. Imeshika, iko masaa mbili haiyaanguka."

"Nimesema toa."

"Imefika makumi tano..." Alikosea, akaanza upya. "Makumi tatu na tano, mama. Ikishuka, ni mubaya."

Kwa mara ya kwanza aliinua macho, na yalikuwa na machozi.

Machozi kwa ajili ya mashine! Mjukuu anapoa chumbani, na baba yake analilia chuma. Maman Colette aliona giza la hasira. Akamsukuma mkwe wake kwa bega, akaushika waya, akauchomoa kwa nguvu zote.

Feni ikanyamaza. Chumbani Aurélie akapiga ukelele, akatokea mlangoni akijishikilia ukutani, mtoto amefungwa kifuani mwake.

René alilivua shati mbele ya mama mkwe wake, akapiga magoti nyuma ya meza, akafunua kitenge, akamtoa pacha wa pili.