Boriti ya Mlango wa Averbeck

"Viatu uviache hapohapo mlangoni!" Bibi Gertrud alifoka kabla Lambert hajamaliza hata kusalimia.

Kijana akavua viatu vyake vya mbao, akaingia na soksi, akakaa mbele ya mkate mweusi na nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi. Alikuwa amekuja kumposa Mechthild, mtoto pekee wa shamba la Averbeck.

Posa yenyewe haikuwa na shida. Shida ilikuwa jina. Katika sehemu ile ya Westfalia, mwanamume anayehamia kwenye shamba la mkewe huacha jina lake na kuchukua la shamba. Lambert alikuwa amekwisha sema, kwa adabu lakini bila kumung'unya maneno, kwamba la kwake haliachi.

"Mzee Averbeck," alimwita Hermann, baba yake Mechthild. Hermann alikuwa ameukodolea macho moto wa jikoni. Aligeuka alipoitwa mara ya pili. "Mzee, akina Kösters tumebaki wawili tu, mimi na baba, na baba ni mgonjwa. Nikiliacha mimi, jina limekufa."

"Na life!" Bibi Gertrud alidakia. "Kwani hilo Kösters lako limemlisha nani? Averbeck maana yake ng'ambo ya kijito, na ng'ambo ya kijito ndipo ulipokaa sasa hivi unakula. Nenda makaburini ukaone, upande mzima wa kanisa ni Averbeck. Nusu ya kijiji ni Averbeck!"

"Bibi, jamani," Mechthild alisema. "Mimi naolewa na mtu, siolewi na makaburi."

"Nyamaza wewe! Bila jina hakuna ndoa. Hermann, mwambie."

Hermann alipiga ngumi mezani mpaka vikombe vikaruka. Mtu mpole yule, aliyemzika baba yake majira ya baridi yaliyopita na kurudi nyumbani peke yake, sasa alikuwa amewaka hasira.

"Toka!" alimwambia Lambert. "Toka na jina lako, ukasimame hapo nje ya mlango!"

Lambert akatoka, masikio yanamwaka moto. Mechthild akaangua kilio. Bibi Gertrud akajimiminia kahawa, akaongeza na maziwa, roho yake kwatu.

Kisha Hermann akachukua nyundo na patasi, akamfuata kijana. Mechthild akapiga yowe na kukimbilia nje.

Baba yake hakumgusa Lambert. Alikuwa amepanda juu ya kiti ili aifikie boriti ya mlango mkubwa, mahali ambapo majina ya maharusi wa shamba huchongwa kila ndoa inapofungwa. Alikuwa anapiga kwa nguvu zake zote. HERMANN AVERBECK, ndivyo mti ulivyosomeka. Aligonga, vipande vya mwaloni vikiruka, mpaka neno la pili likawa shimo.

"Umeingiwa na wazimu?" Bibi Gertrud alipiga kelele. "Unaliharibu jina la nyumba!"

Hermann akashuka, anahema.

"Mimi naitwa Hermann Terhaar, mama mkwe. Ulinivua jina langu hapahapa mlangoni, pamoja na viatu, na baba yangu amekufa hajanisamehe." Akamgeukia kijana. "Lambert Kösters, ingia ndani. Viatu usivue."