Kosa la Nne

Siku hizo filamu zilijirekebisha zenyewe. Shabiki akionyesha kosa la kweli katika hadithi, filamu ilibadilika siku hiyohiyo katika nyumba zote, na jina lake likaandikwa mwanzoni. Jina la Mwanakombo lilikuwa limeandikwa mara tatu katika toleo jipya la Safari za Kapteni Zumo. La mumewe, Mhina, halikuwamo hata mara moja.

Kila Jumapili mashabiki walijaa sebuleni kwao Tanga kubishana. "Dada Mwanakombo, wewe unasemaje?" waliuliza, huku wakimnyooshea Mhina vikombe awaongezee chai. Mhina aliwamiminia huku wivu ukimla.

Jumapili moja alishindwa kuvumilia. "Kosa kubwa hamlioni," alisema. "Mke wa Kapteni ndiye fundi hodari kuliko wote chomboni. Kwa nini akae na mume asiyemsikiliza?"

Mhina akachukua simu yake. Akalituma kosa hilo kwa watengenezaji wa filamu, na kabla chai haijapoa likakubaliwa.

Jina lake lilipotokea kwenye skrini walimpigia makofi, naye akatabasamu hadi mashavu yakamuuma. Kisha wakaitazama filamu upya. Mke wa Kapteni alikunja nguo zake taratibu, akafunga begi, akaondoka. Hapakuwa na ugomvi wowote.

Mhina alimgeukia mkewe. Mwanakombo alikuwa ameinama mbele, bila kupepesa macho.

"Umeionaje?" alimuuliza.

"Sasa imekaa sawa, Baba Nasra," alijibu polepole. "Miaka yote hii nilijua kuna kitu hakiniingii akilini, ila sikujua ni nini."