Uzi wa Kifua Kikuu

Nesi Asteria alikuwa akichomeka pini ya mwaka ule kwenye ubao wa takwimu wa zahanati. Kwa miaka kumi na mmoja, tangu mafuriko yaliposomba daraja la mto, uzi mwekundu ulioonyesha idadi ya wagonjwa wa kifua kikuu ulikuwa ukishuka tu, na wakubwa wa mkoa kila wakija huupiga picha na kumpongeza.

Nyuma yake mtu akakohoa. Alikuwa mama mmoja wa ng'ambo ya mto, kanga imemlowa hadi kifuani.

"Umevukaje, mama?"

"Kwa miguu, mwanangu. Huko kwetu mimi ndiye niliyebaki na nguvu." Akaweka mezani kamba ya katani iliyojaa mafundo. "Kila fundo ni mtu anayekohoa damu. Nimepita nyumba hadi nyumba. Waandike."

Asteria aliyahesabu mara mbili. Yalikuwa sitini na mawili.

"Siruhusiwi kumwandika mtu ambaye makohozi yake hayajapimwa hapa. Nitakuandika wewe, mama."

"Na hao wengine nani atawavusha?"

Nesi akafungua kabati, akamtolea kikopo kimoja cha kutemea makohozi.

Mama alikipokea, akakitazama, kisha akautazama ubao. Akanyoosha mkono, akaitundika kamba yake juu ya ule uzi. Uzito wa mafundo ukauvuta uzi chini, chini kuliko ulivyopata kushuka mwaka wowote.