Injini Iliyokataa Kuzimika

Ufunguo ulikuwa mkononi mwa msagaji, lakini injini ya mashine ya kusaga haikuzimika. Ilizidi kupiga ukelele. Moshi mzito ukajaa chumba, wateja wakatoka mbio wakikohoa.

"Toka, mke wangu, toka!"

Chuma kikapasuka, kikatoboa bati. Kisha kimya, na uvundo.

Mama wa msagaji alitema mate. Uvundo ule ulimchefua tangu mwanawe aiuze injini kubwa kama ng'ombe, akaleta hii ndogo kama mbuzi.

"Ina tabo, mama," mwanawe alijigamba siku ile alipoileta. "Inasukumiwa hewa kwa nguvu. Umbo dogo, kazi ile ile."

Mama akabetua midomo. "Hicho kijitu? Kitakufa njaa."

"Mama naye! Kwani mjukuu huyo?" mkwe wake alicheka.

Kicheko hakikudumu. Bomba lilianza kutema masizi yenye mafuta, unga ukanuka, wateja wakaziba pua. Mkwe ndiye aliyetunza injini, basi alisugua kuta kutwa. Mama akiziona kucha zake nyeusi, kinyaa kilimpanda kooni.

"Mwanamke mchafu, hata chuma kinamwozea mikononi," alimwambia mwanawe. "Chakula chake mimi sili tena."

Sasa fundi aliyeifunga injini aliingia, akachomoa kijiti cha kupimia oili. Kilikuwa kimelowa hadi juu kabisa.

"Si niliwaambia isivuke alama? Ikizidi, tabo inaivuta, injini inakunywa oili yake yenyewe. Hapo hata ufunguo uumeze, haizimiki! Nani alikuwa anaongeza?"

Wote wakamgeukia mkwe.

"Haki ya Mungu, sijaongeza hata tone."

"Imejiongeza yenyewe?" Msagaji alimtazama mkewe kama mtu aliyekuta funza kwenye nyama. "Kidogo utuue. Mama alinionya, nikajitia uziwi. Funga nguo zako, urudi kwenu."

Mkwe akamshika mama mkono. "Mama, nitetee. Wewe ndiye unayeamka wa kwanza humu ndani. Umewahi kuniona nikimimina?"

Mama aliuchomoa mkono wake. Taratibu, kwa kisigino, alilisukuma nyuma ya magunia dumu la oili iliyobaki ya injini kubwa, ambayo kila alfajiri alikuwa akiimimina kidogo kwenye hii ndogo, kile kijitu kisife njaa.