Mitungi Miwili ya Mzee Carmelo

Mgema akitukanwa, tembo hulikoleza. Na Kavugho alitukanwa angali na mrija wa mpira mdomoni.

"Mwizi! Unanyonya divai ya baba yangu!"

Alikuwa Vince, mtoto wa mzee Carmelo, ameingia kutoka Columbus mapema kuliko walivyomtarajia. Kavugho alitema kwenye ndoo, akauelekeza mpira kwenye chombo kitupu sakafuni. Divai nyekundu ikateremka yenyewe. Mashapo ya chini ya mtungi yalipokaribia, aliubana mpira, ndipo akajibu.

"Siibi. Naitenga na mashapo. Papa Carmelo kanifundisha. Na pombe sinywi, mimi ni mwanakwaya."

"Usimwite Papa. Papa ni wangu."

Ilikuwa Novemba 2015, sikukuu ya Mtakatifu Martini, siku ambayo ukoo ule huonja divai mpya. Mitungi mikubwa ya kioo ilikuwa miwili katika chumba cha chini cha nyumba ya mzee, North Buffalo, Marekani. Mmoja mzee aliujaza mwenyewe. Zabibu zilizobaki alimpa Kavugho, mtunzaji wake, naye ajifunze. Kavugho alimweleza Vince hayo, lakini mitungi haikuandikwa majina.

Vince alichota glasi moja ya divai ya kila mtungi, akapanda nazo jikoni. Mzee Carmelo alikuwa ameketi mezani, mikono yake dhaifu juu ya mkongojo. Simu ilikuwa wazi kwa spika kando yake. Dada yake Vince alikuwa akisikiliza kutoka Louisville.

"Babu wa babu yangu alikamua zabibu Sisilia," Vince alisema. "Ulimi huu hauhitaji majina. Nikigundua umeichezea divai ya Papa, leo ndiyo mwisho wako hapa."

Kavugho aliwafikiria watoto wake watatu, nyumbani mtaa wa Lower West Side. Hakuwa na kazi nyingine.

"Vincenzo, acha," mzee alisema.

"Tulia, Papa. Nakutetea."

Alionja ya kwanza. Uso ukamkunjamana, akakimbilia sinki, akatema.

"Siki! Siki ya kachumbari! Hii ni yako, mama. Umeiachia hewa ikaingia."

"Mwambie akachachushe ndizi kwao!" simu ilicheka.

Kavugho alikaza taya. Nyanya yake, kule Butembo, Kongo, alichachusha ndizi miaka arobaini, na hakuna aliyewahi kutema.

Vince alishika glasi ya pili. Alinusa, akanywa funda moja, akafumba macho. Akanywa tena. Alipoyafumbua yalikuwa na machozi.

"Hii hapa! Huu ndio mkono wa Papa. Mkono wa babu." Akamgeukia Kavugho. "Sasa nimeelewa. Yako imechacha, ndiyo maana ukaenda kunyonya ya mzee."

"Mfukuze!" ilisema simu.

Mzee Carmelo alikuwa akitazama sakafu.

"Nakupa nafasi moja," Vince alisema. "Muombe baba yangu radhi. La sivyo, chukua koti lako uende."

Kavugho hakumtazama Vince. Alimtazama mzee. Mzee aliinua kichwa.

"Mwambie, binti yangu."

"Bon, haya," alisema Kavugho. "Uliyoitema ni ya Papa. Uliyoililia ni yangu. Na radhi siombi."