Bunduki Isiyopiga Teke

Mtutu ulikuwa umebanwa kwenye jiliwa, na fundi alikuwa ameshachora chaki pale angekata hesi za kufungia kipunguza teke. Mkono ukasita.

"Bunduki yenyewe haina teke, mwanangu. Hii hata bibi yako angeipiga huku anakunywa chai. Kifaa hiki kitakurudishia mlipuko wote masikioni."

Binti yake alimtazama midomo mpaka alipomaliza. "Mashindano ni Jumamosi, baba. Wenzangu wote ninaofanya nao mazoezi wanacho. Nifungie tu." Kisha akampa mgongo, akaendelea kufuta risasi moja moja kwa kitambaa.

Wiki nzima alikuwa akimtazama midomo hivyohivyo, naye fundi akidhani ni adabu.

"Mwanangu," aliita.

Binti aliendelea kufuta. Masikioni hakuwa na kitu, isipokuwa hereni ndogo alizorithi kwa mama yake.

Fundi aliita tena, kwa nguvu zaidi. Kisha akachukua spana kubwa kuliko zote, akaibamiza kwenye jiliwa mpaka kiganja kikamfa ganzi.

Kitambaa kilizunguka risasi, taratibu.

Hatimaye binti aligeuka, akitabasamu.

"Mbona kimya, baba?"